Jinsi Latif wa Nateete Alivyokikomboa Kiti cha Baba

Sogeeni, enyi watu wa vilima vya Kampala, mlio Lubaga na mlio Nateete. Mwenye kazi aiweke chini na aliyesinzia apigwe kiwiko, maana habari ninayoileta si ya sungura na fisi. Ni habari ya Latif, Jabali la Port Bell, msimamizi wa mabehewa yaingiayo melini, mume wa Rukiah na baba wa mabinti wawili: jinsi alivyoziaga simu mbili na daftari la mfukoni, akahamia simu moja, na yaliyomfika baada ya hapo. Anayetaka kubisha asikilize kwanza.

Jueni basi kwamba kwa miaka kumi na miwili shujaa huyu alitembea na silaha tatu. Mfuko wa kushoto ulibeba simu ya tochi ya kazini, iliyofungwa kwa mpira ili betri isidondoke. Wa kulia ulibeba simu ya tochi ya nyumbani, ambayo kitufe chake cha tano kilikufa, hata Latif akawa hampigii mtu yeyote mwenye tano katika namba yake, na undugu wa watu wengi ukaishia hapo. Kifuani, juu ya moyo, lililala daftari, ambamo fundi bomba aliandikwa kwenye herufi M kwa kuwa ana mdomo, na miadi iliandikwa popote palipobaki nafasi.

Silaha tatu, lakini hazikusikilizana. Daftari likisema Jumamosi ni ya nyumbani, simu ya kazini ilimwita bandarini Jumamosi hiyohiyo, na ile ya nyumbani ikalia mpaka ikachoka ndani ya suruali iliyoanikwa kambani. Ndivyo ilivyozuka ile aibu kuu, siku alipoposwa binti yake mkubwa, Rashidah. Latif alifika watu wanakunja mikeka. Kiti cha baba, ambacho wageni hukielekea waombapo binti, kilikuwa kimekwisha kaliwa na shemeji yake Abudu, kaka wa Rukiah, mtu wa koti na kikohozi cha hotuba, naye Abudu alikuwa ameipokea posa kwa sauti nzito kana kwamba Rashidah alimzaa yeye. Tangu siku hiyo, kila Idi, mume wa Rashidah hupeleka sukari kwa Abudu. Latif huletewa salamu. Jambo hilo lilimuuma, jamani, lilimuuma kuliko jino.

Sasa ikafika zamu ya Shakirah, kitinda mimba. Mzee Kamis wa Luzira, baba wa kijana, alituma neno kwamba yeye na wazee wenzake wangekuja Jumamosi, saa nne asubuhi. Rukiah alimketisha mumewe, naye alisema maneno ambayo siwezi kuyapunguza.

"Baba Shakirah, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini kiti hakikai wazi mbele ya wageni. Wakiingia na wewe hupo, kaka yangu atakikalia, na safari hii sitamzuia."

Latif alivaa viatu, akashuka hadi dukani kwa Babra, muuza simu wa karibu na steji ya teksi ya Nateete, binti mwenye kucha ndefu na subira fupi, akamwomba simu moja kubwa itakayobeba laini zote mbili, majina yote, na siku zote za maisha yake zilizobaki.

Hapo vita vikaanza, vikachukua alasiri nzima. Babra alisoma majina kutoka daftarini huku akiyaingiza, akauliza Mwenye Kofia ni nani, akajibiwa kwamba anajulikana. Akauliza mbona wako watu watatu wanaoitwa Usipokee, akaambiwa aendelee. Kisha ikaja zamu ya Latif kujaribu mwenyewe. Kidole gumba chake, kilichokomazwa na minyororo ya mabehewa, kiligusa herufi moja zikaja tano. Alitaka kurekebisha jina la Abudu, simu ikampigia Abudu, na duka zima likasikia kile kikohozi. Latif alitokwa jasho, akavua kofia, akaivaa tena. Mara mbili alitazama mlango. Mara mbili akaikumbuka sukari ya Idi, akabaki.

Mwishowe Babra akasema ataiandika yeye hiyo Jumamosi, amwekee na kengele, watu wafunge duka. Latif akainua mkono.

"Binti yangu, umenisaidia, Mungu akulipe. Lakini hili la mwanangu sitaandikiwa na mtu. Nimepanga melini mabehewa yaliyojaa saruji, mimi, na ziwa limechafuka. Kioo hiki hakitanishinda."

Akaandika: wageni. Akachagua Jumamosi. Simu ikauliza saa. Akatafuta nne, akaipata, akaibonyeza kwa nguvu zote kama karani agongaye muhuri. Jioni akamwonyesha Rukiah ushindi wake. Mama huyo alikitazama kioo kwa muda mrefu, akamrudishia simu, akasema ni nzuri, akarudi kwenye maharage yake. Nazo silaha za zamani Latif alizifunga katika kitambaa, akazilaza chini ya sanduku, akasimama mbele yake kidogo kama aliye makaburini.

Jumamosi ikafika, na simu ikapiga tarumbeta. Latif aliruka kitandani. Nje giza, akasema moyoni kwamba leo wingu limefunga kwelikweli. Akaoga, akavaa kanzu nyeupe na koti, akakibeba kiti cha baba hadi katikati ya sebule, akakikalia, akaukodolea macho mlango. Wageni hawakuja. Jogoo hakuwika. Ndipo kwa mbali ikasikika adhana ya alfajiri, na Latif akaelewa: simu huhesabu kutoka usiku wa manane, si kama sisi tuhesabuvyo kutoka kuchomoza kwa jua. Aliandika nne, ikamwamsha saa kumi.

Aibu, banange. Kitanda kilimwita kwa jina. Lakini Latif alijijua: akilala sasa, ataamka Abudu anahutubia. Na hapa ndipo lilipotendeka lile tendo kuu, nanyi mlikumbuke: Latif hakulala. Alisali, huku simu ikimshikia nafasi juu ya kiti, akarudi, akakaa. Shingo ilianguka akaiinua. Mguu ulikufa ganzi akausamehe. Saa mbili akaingia Abudu, koti jipya, kikohozi tayari, akakuta kiti kimejaa.

"Shemeji," alisema, akiitazama ile kanzu iliyokwisha kukunjamana, "umefika saa ngapi?"

"Sikuondoka," alijibu Latif.

Abudu akatafuta mkeka.

Wageni walifika saa nne na nusu. Mzee Kamis akasimama mlangoni, akauliza, kama desturi itakavyo, baba wa binti huyu ni nani. Macho ya Shakirah, nyuma ya pazia, yalikwenda kwenye kiti. Latif akasimama kwa mguu mmoja, ule mwingine haukuwa wake tena, akasema, "Ni mimi. Nipo." Hakuna aliyecheka.

Mikeka ilipokunjwa, Latif alimnong'oneza Rukiah ile siri ya saa kumi, amsamehe, simu bado ngeni.

"Niliiona siku ileile uliponionyesha," alisema Rukiah. "Nikawaza, nikimsahihisha huyu, atachelewa."

Basi na iandikwe, na watoto wa Nateete wafundishwe, kwamba Jumamosi ile Latif, Jabali la Port Bell, aliwahi kwa saa sita na nusu, na hajapata kuwahi tena. Nayo Idi iliyofuata mume wa Shakirah alibisha hodi mlangoni kwa Latif, na mkononi alikuwa na sukari, kilo mbili.