Uzinduzi wa Kitasa

Umma unatangaziwa kwa fahari kwamba choo kipya cha soko kimezinduliwa kwa mafanikio makubwa, na kwamba habari za Mheshimiwa Naibu Meya kukwama ndani ni uzushi wa wasioitakia mema halmashauri. Hakukwama. Alibaki ndani kwa mujibu wa sheria. Nilikuwepo, mimi Afisa Itifaki Mwandamizi, Utepe na Mikasi.

Mheshimiwa alipanda ngazi za siasa mkasi mkononi. Akiwa mwenyekiti wa mtaa alizindua nguzo ya taa; nguzo ikampa udiwani. Akiwa diwani akazindua balbu yake. Balbu ikampa unaibu meya. Umeme wenyewe tuliuweka akiba kwa ajili ya umeya. Madiwani wakorofi walipoanza kukarabati vitu kimyakimya, bila hata maturubai, akapitisha sheria ndogo: chochote kipya cha halmashauri, hata kiwe msumari, ni marufuku kukitumia kabla diwani hajahutubia, wananchi hawajauliza maswali na utepe haujakatwa.

Siku ya madiwani kumchagua meya, tukaona heri apitie sokoni kwanza, aingie ukumbini akinukia maendeleo. Akahutubia. Akakata utepe. Wauza mboga wakampigia makofi ya watu waliobana miguu, kisha wakakimbilia upande wa wanawake.

"Upande huu nautumia mimi wa kwanza!" akatangaza, akaingia na kipaza sauti chake, akafunga mlango. Kitasa kikalia ka! Kilikuwa kitasa cha shemeji yake, ambaye ndiye mzabuni wetu.

"Mlango haufunguki," spika ikaliambia soko zima.

"Sukuma, baba!" akapaza Mama Nyanya, aliyekuwa ametoka upande wa pili amestarehe.

"Nasukuma!"

"Basi vuta!"

"Nimevuta, kimebaki mkononi!"

Soko likaangua kicheko, hata mwenye mizani akakosea kupunja. Fundi seremala akaitwa. Akang'oa mabaki ya kitasa cha shemeji, akapachika kingine, akatia ufunguo. Nikamdaka mkono.

"Usithubutu, fundi. Hiki ni kipya."

"Si ndiyo maana kitafunguka?"

"Hakijazinduliwa."

Spika ikanong'ona: "Afisa, mwanangu, acha utani. Kura zinaanza."

"Mheshimiwa, siwezi kuvunja sheria yako. Nakuheshimu mno."

"Basi nakizindua mwenyewe humu humu!"

"Utepe uko nje, Mheshimiwa."

"Ukate wewe, bwege!"

"Mimi si diwani."

Nikapiga simu ukumbini kuomba diwani yeyote mwenye nafasi. Nikajibiwa hatoki mtu mpaka kura ziishe. Zikaisha. Mpinzani wake, mama mmoja mfupi tuliyezoea kumwita Filimbi, akashinda kwa kura moja. Ya Mheshimiwa ilikuwa chooni.

Meya mpya akaja mbio, mkufu wa cheo ukimgonga tumbo. Nikamshikia utepe kwa mikono miwili. Itifaki haina kinyongo.

"Dada yangu," spika ikasihi, "kata nitoke."

"Nitakata, kaka yangu, wasiwasi wa nini?" Filimbi akajibu kwa upole. "Ila ile sheria yako nzuri inataka hotuba kwanza."

Akahutubia. Akamshukuru kila aliyempigia kura, akataja na watoto wao. Akasifu bawaba, akasifu skrubu. Ndani kitu kikapigwa teke. Wananchi wakadhani ni shangwe, wakaitikia. Mwishowe akawageukia: "Haya, maswali?"

Mikono ikainuka kuanzia mlango wa choo hadi geti la soko. Mama Nyanya akageuza kreti, akaketi, akanyoosha miguu.

"Mheshimiwa Meya, langu ni dogo tu. Lakini ili lieleweke, itabidi nianzie mbali."

"Anzia huko huko, mama," akasema Meya, akitafuta kreti lake. "Nani ana haraka hapa?"