Nilifunga Gari Bandeji, Nikajikuna Mbele ya Wakwe

Marafiki, leo nimepata haya mpaka ku kisogo. Acheni niwaambie mimi mwenyewe, Mama Rachel, kabla mudogo wangu Dieudonné hajawaambia kwa namna yake.

Munajua pikapu yangu, ile ninapandisha nayo mizigo Mongbwalu, kule milimani. (Ndiyo, dereva ni mwanamuke. Mulishazoea, tuendelee.) Tiyo za moshi, yaani bomba zinazotoka ku moteri, zilikuwa zinapiga joto mpaka ndani ya kabini. Sandali yangu iliyeyuka ikashikana na pedali! Na ku mulima, gari ikiwa na mizigo, moteri inachemka, inazima. Ile barabara imetulia siku hizi, watu wa bunduki wamepungua, tunashukuru Mungu, lakini bado haiko barabara ya mutu kusimama kwa kupenda. Ukizima pale unaanza kuangalia nyasi, na nyasi zinakuangalia.

Nikakata shauri: nitazifunga. Kuna bandeji ya kuzungushia tiyo za moshi, joto inabaki ndani ya tiyo na kutokea nyuma. Nilinunua rulo moja Ariwara. Mwenye duka akaniambia: "Mama, ulowanishe kwanza mu maji. Na uvae ganti ku mikono. Hii kitu inatengenezwa na kioo, inawasha."

Nikamujibu: "Nimefunga watoto watano nepi. Nitashindwa na tiyo?"

Leo asubuhi ndipo nikaamua kufunga. (Musiniulize kwa nini leo.) Leo ndiyo siku tulikuwa tunapeleka posa ya Dieudonné kwa wazazi wa Furaha, kule upande wa Djugu. Baba yetu alishafariki, mimi ndiye mukubwa, kwa hiyo mimi ndiye musemaji wa familia. Na muelewe vizuri: familia yetu na familia yao, miaka ile ya vita, hatungeweza hata kusalimiana. Sasa tunasalimiana, lakini kila mutu anapima maneno. Neno moja baya, posa imekufa.

Mvua ikanyesha. Nikaingia kukatia bandeji ndani ya kabini, juu ya kiti. Blauzi na kikwembe changu cha sherehe vilikuwa vimetandikwa palepale, visikunjane. Sikuona vumbi yoyote. Vumbi ya kioo haionekani, marafiki! Maji? Sikuwa na nafasi. Ganti? Nilizivua, zilinikatalia kukaza waya ya kushikilia bandeji. Nikazungusha, nikavuta, nikakaza. Kazi safi! Nikanawa mikono, nikavaa, nikaita Dieudonné, tukaondoka.

Kumbe bandeji mupya ikipata moto inatoa moshi. Ku barrière, pale kamba inafunga barabara, askari akakuja mbio.

"Mama, gari inaungua!"

"Haiungui, chef. Iko na bandeji."

"Iliumia?"

"Inapona."

Akashusha kamba, tukapita.

Na nisiwadanganye: ilipona kweli! Milima yote, moteri haikuzima. Muguu wangu baridi kabisa. Niliimba. Dieudonné, mu koti ya kuazima, ananuka manukato na woga.

Halafu shingo ikaanza. Kisha makwapa. Kisha mahali ambapo musemaji wa familia hawezi kupeleka mukono mbele ya watu.

"Dada, uko na nini?"

"Niko na posa. Nyamaza."

Nikaapa mu roho: mbele ya wakwe, sitajikuna. Hata kama ni kufa.

Baba ya Furaha, Muzee Elisha, ni mufugaji. Mutu mwembamba, maneno machache. Alitukaribisha ku baraza, yeye na muke wake, na koko, mama yake muzazi, mzee sana lakini macho makali. Tukakaa. Tukasalimiana kwa heshima. Muzee akakohoa.

"Mbele ya yote, siye tunaulizaka jambo moja. Kwenu hakuna ugonjwa ya familia?"

"Hakuna, Muzee. Siye wote tuko wazima kabi..."

Hapo mugongo ukawaka moto. Nikasimama, nikajidai ninanyoosha kikwembe, nikaegemea nguzo ya baraza kidogo tu. Kidogo tu! Nikajikuta ninapanda na kushuka, ninapanda na kushuka, macho yamefunga. (Raha ile siwezi kuwaeleza.) Nafikiri nilitoa na sauti.

Nilipofungua macho, wakwe wote wananiangalia. Dieudonné alikuwa anaangalia viatu vyake kana kwamba ni vya mutu mwingine.

Muzee Elisha akasema polepole: "Ng'ombe yangu ikijikuna hivi, ninaitenga na zingine."

Koko akaruka: "Ni upele! Watoto, rudini nyuma!"

"Haiko upele, koko! Ni juu ya kufunga gari bandeji!"

(Hilo jibu halikunisaidia.)

Ikabidi tuende wote ku gari. Nikafungua kapo, kifuniko ya moteri, moshi ukatupiga mu uso. Muzee akainama, akaangalia zile tiyo zimefungwa vizuri kama miguu ya mugonjwa. Nikamueleza yote: joto, mulima, kioo. Hakucheka. Akageukia muke wake: "Mumupeleke nyuma ya nyumba. Maji ya baridi."

Furaha mwenyewe, muchumba tuliyekuja kuomba, ndiye alinimwagia ndoo. Koko anatoa amri: "Ku mugongo bado! Ongeza!"

Nguo zangu, na ile vumbi ya kioo, hazikufaa tena kuvaliwa. Na ile familia wote ni wembamba. Mimi, munanijua. Kila kitu kilikwama ku mabega. Kitu kimoja tu kilinienea: koti murefu na pana ya Muzee ya kukamulia ng'ombe.

Dieudonné akaninong'oneza: "Dada, turudi siku ingine."

"Nipite ile barabara yote nirudi bila kusema? Kaa chini."

Nikasimama mbele yao na ile koti, miguu mitupu, nikaanza maneno yangu. Sikufika mbali. Ndama moja ikasikia harufu ya maziwa, ikakuja mbio, ikashika pindo ya koti, ikaanza kunyonya. Nikaisukuma na goti. Ikavuta. Nikaendelea: "Tumekuja kwa heshima..." Kifungo kikaruka! Nikashika koti kwa mukono moja, mwingine ninaonyesha mbinguni. "...kuomba mutoto wenu Furaha..." Ndama inavuta, mimi ninavuta. Nilisema yote. Mpaka "amina".

Koko ndiye alianza kucheka. Halafu muke wa Muzee. Halafu Muzee mwenyewe, mpaka akashika nguzo.

"Mama Rachel," akasema akipangusa machozi, "mutu anayesema mpaka mwisho huku ndama inamukamua, watu wake hawatakimbia ndoa. Tumekubali."

Basi, posa imepita. Na Muzee amesema ku harusi nitasema tena, na ndama imealikwa. Tafadhali, mutu asicheke. Atakayecheka, harusini atakwenda kwa miguu.