Fimbo ya Doria ya Swala

Jumatatu, 4 Agosti

Faiz ametuma ujumbe kwenye kundi letu la simu, lile la sisi tuliokuwa skauti pamoja utotoni. Habari nzito. Mwalimu Ogutu anaihama Mombasa! Huyo ndiye aliyetufunza kufunga mafundo, kupiga saluti na kuwasha moto kwa njiti moja ya kiberiti. Sasa ana miaka themanini na miwili, macho yamefifia, na bintiye Caroline amekuja kumchukua ampeleke kwao bara. Jumamosi alasiri tukutane nyumbani kwa kina Faiz, mtaani Kuze, tumuage. Kila mtu aje na kumbukumbu yake ya skauti. Mwenye kumbukumbu bora atakalia kiti cha ubavuni mwa Mwalimu na kusema kwa niaba ya wote.

Kiti hicho ni changu. Nani asiyejua kwamba Ngowa alikuwa kiongozi wa doria ya Swala? Mwaka wa themanini na tatu. Vijana wanane chini yangu. Tepe mbili kifuani!

Sijameza mate, Kalama kaweka picha. Kalama wa Liwatoni, fundi wa mashine za boti, naye alikuwa Swala. Mkebe wa biskuti. Ndani filimbi, mkanda, na beji kumi na moja zimepangwa kama meno. Watu wakammwagia mioyo. Kumi na moja! Mimi nilipata tatu, na moja ilikuwa ya usafi.

Vidole vikanitangulia. Nikaandika kwamba mimi ninayo fimbo ya doria.

Mioyo thelathini na miwili.

Sina fimbo ya doria.

Jumanne, 5 Agosti

Nimevuta sanduku la chini ya kitanda. Nimepata zile tepe mbili, na nusu ya skafu yangu ya kijani. Nusu nyingine marehemu mama aliikata ikawa nepi ya mdogo wangu Jeremy. Nimeinusa nusu iliyobaki. Nafthalini. Nimenusa tena, taratibu, na nyuma ya nafthalini upo bado moshi wa kuni. Moshi wa kambi, ng'ambo ya feri! Uji wa asubuhi wenye mchanga, soksi zilizoanikwa juu ya hema, Mwalimu akituhesabu vichwa mara tatu kabla ya kupanda feri, na mara zote tatu akipata idadi tofauti.

Nimekaa sakafuni hadi mke wangu Dama akauliza kama nimeanguka.

Shajara, wewe huna mdomo, kwa hiyo nikwambie. Fimbo ile ilikuwa na kichwa cha swala kilichochomwa kwa msumari wa moto, na pengo moja kwa kila kambi tuliyokwenda. Mapengo saba. Kiongozi wa doria wakati huo alikuwa Kalama, na fimbo ikilala kwao. Siku moja niliichukua bila kumwambia, nikaenda kuchokorea kaa chini ya gati. Kaa akaikamata. Nikavuta. Akavuta. Maji yakaichukua.

Kalama aliulizwa fimbo iko wapi, akasema hajui. Mwalimu akamvua tepe mbele ya kikosi kizima, akanipa mimi. Kalama hakulia. Alipiga saluti.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili tu. Kisingizio kizuri. Nimekitumia miaka arobaini na miwili.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeomba ruhusa kazini. Jino. Bosi akasema pole, na lile la mwezi uliopita lilipona?

Mpango: ufagio wa Dama wa kuondolea utando wa buibui. Mpini mrefu, wa mti, umenyooka. Nimeng'oa kichwa. Nimeuloweka mpini kwenye beseni la chai ya rangi ili uzeeke. Ajabu! Saa tatu tu, umezeeka miaka arobaini. Sisi binadamu tunahangaika bure.

Kisha msumari wa moto. Swala wa kwanza ametoka punda. Nimemwongeza pembe. Sasa ni punda mwenye pembe. Mapengo nimekata kwa kisu cha mkate, mkono ukanoga, nikakata manane. Nani atahesabu?

Alhamisi, 7 Agosti

Sisimizi! Safu nzima, kutoka dirishani hadi kwenye fimbo. Nimekumbuka: chai ile niliichukua kwenye birika la asubuhi. Ilikuwa na sukari. Na tangawizi. Nimepangusa, nimepuliza, nimeanika. Wanarudi na jamaa zao.

Dama anatafuta ufagio wake. Ameniuliza, Baba Wendy, hujauona? Nimemjibu kwamba buibui nao ni viumbe, waachwe wapumue. Amenitazama vile anavyomtazama muuza samaki anayeapa.

Jioni Kalama amepiga simu. Hajanipigia tangu harusi ya Wendy. Hakuzunguka.

"Ngowa, ni ile yenyewe?"

"Ile yenyewe."

Nikasikia nyundo nyuma yake, watu wakiitana kwenye boti. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba angefurahi kuishika tena, hata mara moja.

Sikuweza kula. Sahani mbili tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Niandike haraka kabla sijaanza kuipamba.

Kuze, alasiri. Faiz alitupokea mlangoni kwa kanzu na skafu ya kijani shingoni, akatunyooshea mkono wa kushoto, kama skauti. Tukacheka wote. Zamani bibi yake alipotuona tukisalimiana kwa kushoto alitaka kumtoa Faiz kwenye skauti siku ile ile. Mwalimu Ogutu alivaa viatu vyake vilivyo safi kabisa, akaenda kumweleza bibi. Alirudi baada ya saa mbili na bakuli la kaimati, na Faiz akabaki.

Juu, sebuleni, vitambi kumi na viwili ndani ya khaki. Mwalimu katikati, mdogo kuliko nilivyomweka akilini. Nikampa shikamoo. Akasema marahaba, akainamisha sikio. Ah! Ngowa. Wa beji ya usafi.

Kalama alifungua mkebe wake. Mwalimu alizipapasa beji moja moja na kuzitaja: huduma ya kwanza, kuogelea, kupika. Aliipuliza filimbi. Sauti ilitoka nyembamba, lakini nakwambia, migongo yote mle ndani ilinyooka!

Kisha zamu yangu. Nikaikunjua fimbo kutoka kwenye leso ya Dama. Watu wakasimama. Nikamwekea Mwalimu mikononi.

Uso wake ukang'aa, uso mzima. Akaipapasa. Akainusa, akasema ina harufu ya tangawizi. Kidole gumba kikashuka kwenye mapengo. Moja, mbili, tatu. Saba. Kikafika la nane, kikasimama. Sisimizi mmoja akamtembea kifundoni mwa mkono.

Kalama alikuwa bega kwa bega nami. Yeye ni fundi. Aliiona hesi, ile mikato ya mzunguko ya kukazia kichwa cha ufagio. Alimwona sisimizi. Aliniona mimi. Nikafumba macho.

"Ndiyo yenyewe, Mwalimu," akasema Kalama.

Nikafumbua macho. Mwalimu alikuwa amegeuka upande wa sauti ile. Akasema, taratibu, kwamba siku ile ameifikiria sana. Kwamba alimvua mtoto tepe kwa sababu ya kijiti, na mtoto akampigia saluti, na yeye hakupata usingizi. Kisha akaniuliza mimi nimeipata wapi.

Jibu nilikuwa nalo! Nililifanyia mazoezi siku tatu: nimeipata darini kwa marehemu mama. Nikafungua mdomo. Yakatoka mengine kabisa. Kaa. Gati. Ufagio wa buibui. Sukari. Yote.

Faiz alitazama kikombe chake.

Mwalimu akauliza, "Kaa mwenyewe alikuwa mkubwa?"

Nikasema mkubwa sana, Mwalimu.

Akaanza kucheka. Alicheka hadi Caroline akamwondolea kahawa iliyokuwa mbele yake. Kisha akaacha. Akaniambia nizitoe tepe zangu, maana alijua tu nitakuwa nimezivaa. Nilikuwa nimezivaa. Akasema nimvishe mwenyewe mwenye nazo.

Katika kuzibandika nikamchoma Kalama kwa pini. Alipiga saluti, ile ile, viatu pamoja, kidevu juu, mtu wa miaka hamsini na mitano mwenye grisi kwenye kucha. Halafu akaninyooshea mkono wa kushoto.

Macho yaliniwasha. Nikasema ni vumbi. Faiz akasema hapana vumbi hapa, tumepiga deki.

Kiti cha ubavuni alikalia Kalama. Alisema machache. Kwamba siku ile ya fimbo aliniona nikipita kwao nimelowa hadi kiunoni, mikono mitupu. Alijua tangu siku ile! Nikamuuliza mbona hakusema. Akashangaa kwamba nauliza. Watu wa doria moja hawachongeani, akasema, akachukua hamri moja kwenye sahani.

Jumapili, 10 Agosti

Mwalimu ameondoka na treni ya asubuhi. Tulikwenda sita kumsindikiza. Ametuhesabu vichwa kwa kutugusa mmoja mmoja, akapata saba. Ameondoka na fimbo. Anasema inamfaa kutembelea, na Caroline ameiosha kwa maji moto.

Alipopanda nilitaka kusema neno. Nikapiga saluti. Hakuiona. Kalama akamwambia sikioni, naye akageuka akanijibu, akielekea nguzo iliyo kando yangu.

Nyumbani nimemweleza Dama yote. Amenisikiliza hadi mwisho, akanimiminia chai. Akasema yule Kalama ni mtu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimelifungua kundi. Picha ya Kalama na tepe: mioyo hamsini na minane. Vema. Anastahili. Sina neno.

Lakini hebu tazama yaliyoandikwa chini yake! Kwamba Ngowa ni mwanamume. Kwamba kukiri mbele ya watu si mchezo. Mmoja ameandika kutoka Malindi kwamba amelia. Mwingine anasema nipewe nafasi niwazungumzie vijana wa kanisani kwao. Nimehesabu sifa. Sitini na mbili. Kalama ana hamsini na nane.

Kumbe watu hawataki beji. Wanataka toba!

Tatizo: sina dhambi nyingine ya ukubwa huo. Nimefikiri asubuhi nzima kazini. Kisha nikakumbuka sufuria kubwa ya kambi, iliyopotea mwaka wa themanini na nne, na mwizi hakujulikana hadi leo. Si mimi niliyeichukua. Lakini nani atabisha?

Nimeshaandika kwenye kundi kwamba lipo jambo jingine linaloniunguza moyo, na nitalisema tutakapokutana Desemba. Mioyo inamiminika.

Tangu nirudi kutoka kazini nimesimama mbele ya kioo najifunza. Dama amepita mara mbili, hakuuliza. Jicho la kulia limeanza kulia. La kushoto bado linakataa.