Kobe, Harusi na Nafasi ya Kumi na Mbili

Jumapili, 30 Novemba

Tumewapiga Korongo, mahasimu wetu! 31 kwa 10! Tena kwao! Sauti imenikauka kabisa. Kanisani leo nimechezesha midomo tu, nyimbo wameimba wengine.

Sasa sisi Kobe wa Coosa State tumeshinda mechi kumi, tumepoteza mbili. Timu za vyuo za mpira wa Kimarekani zinazoingia mtoano ni kumi na mbili, nchi nzima, na wanaozichagua ni kamati ya watu kumi na watatu waliojifungia hotelini huko Texas. Orodha ya mwisho inatangazwa Jumapili ijayo mchana. Mara ya mwisho Kobe kucheza mechi ya maana mwezi wa Desemba nilikuwa bado na nywele.

Shida ni moja. Mwezi wa Septemba tulifungwa 17 kwa 16 na chuo cha ualimu ambacho bendi yake ina watu tisa. Nilitupa rimoti kwenye bwawa la bata. Nikamwambia mke wangu Verlene kwamba harusi ya Tansy, binti yetu mkubwa, aiweke siku yoyote anayotaka, hata siku ya mtoano, maana Kobe hawatafika huko mpaka Yesu arudi. Hapa Alabama mtu mwenye akili zake haozeshi binti msimu wa mpira. Verlene hakubishana. Alileta kalenda, akazungushia Jumamosi 20 Desemba, saa kumi alasiri, akanipa kalamu nitie sahihi. Mchungaji Stokes akashuhudia.

Na timu ya kumi na mbili inacheza lini? Jumamosi 20 Desemba. Saa tisa na nusu alasiri.

Si kitu. Nina mpango.

Jumatatu, 1 Desemba

Mpango: kwanza Kobe waingie. Harusi nitaifikiria baadaye.

Nimeiandikia kamati barua ya kurasa thelathini na moja. Nimegusia ugumu wa ratiba yetu, upepo wa mechi ya Oktoba, na refa mmoja ambaye namjua mpaka mtaa anaokaa. Nimeambatanisha pai kumi na tatu za njugu za pekani, moja kwa kila mjumbe. Pai ni za Verlene, alizipika kwa ajili ya mnada wa kanisa. Aliniuliza zimekwenda wapi. Nikasema panya. Akasema panya hawaondoki na sahani. Nikakumbuka ghafla kwamba nina mashine za kukatia majani zinanisubiri karakana.

Huko nikafungua redio. Nani yuko hewani na Hoyt Mkubwa, mtangazaji wa michezo? Dewitt! Shemeji yangu, kaka yake Verlene, shabiki wa Korongo tangu tumboni mwa mama yake. Anadai Korongo wanastahili kuliko sisi. Wamepoteza mechi tatu! Ya tatu juzi tu, mikononi mwetu! Dewitt anasema vipigo vyao ni vya hadhi, wamepigwa na wakubwa, ila sisi tumeshinda vidagaa. Hoyt akasema hoja hiyo ina uzito. Uzito gani? Na mtu huyu ndiye atakayetubanikia nguruwe wa harusi.

Jumanne, 2 Desemba

Orodha ya wiki imetoka. Kobe wa kumi na tatu! Korongo wa kumi na nne! Waliopo nafasi ya kumi na mbili wana mechi Jumamosi na watafungwa, hilo hata bata wangu wanalijua. Kwa hiyo nafasi imebaki moja. Ama sisi, ama wao.

Nimekimbia nikizunguka nyumba mara mbili. Mara ya tatu nimeteleza kwenye ngazi.

Anselm, mchumba wa Tansy, alinikuta chini. Anatoka Vermont, huko kwao watu huteleza kwenye theluji na kuita ni mchezo. Akaniuliza kwa upole kwa nini nisiirekodi tu hiyo mechi nikaitazama Jumapili. Ni kijana mzuri. Anampenda binti yangu. Nimemsamehe.

Jumatano, 3 Desemba

Siku mbaya.

Tansy alikuja karakana, akakaa juu ya mashine ya mteja wangu, Bi Tolliver. Akasema amesikia kwamba Kobe wanaweza kuingia. Nikasema ndiyo, kwa furaha yote. Akaniuliza: "Baba, ukiambiwa uchague, unanisindikiza mimi madhabahuni au unawatazama Kobe?"

Nikajibu wewe, mwanangu, wewe bila shaka!

Lakini nilichelewa. Alisema nimechelewa sekunde nne, amezihesabu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema hataki kunishika mkono huku moyo wangu uko uwanjani, afadhali atembee peke yake. Akanibusu kwenye kipara akaenda zake.

Nimeshindwa kufunga hata boliti moja. Huyu ndiye mtoto niliyemfundisha kutembea kwa kumwonyesha kobe wa plastiki amfuate.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimelala nikiwaza, nimeamka na jawabu. Kobe wasipoingia, hakuna cha kuchagua! Mechi haipo, harusi ipo, baba yupo. Kwa hiyo kazi yangu ni kuhakikisha Kobe hawaingii.

Saa tano asubuhi nilimpigia Hoyt kwa simu ya karakana. Nilizungumza kupitia faneli ya mafuta ya injini, nikajitambulisha kuwa Orville wa Eufaula, mzee asiye na timu, anayependa haki. Nikaanza na chuo cha ualimu. Nikaja kwenye bendi ya watu tisa. Nikasema mrusha mpira wa Kobe anarusha kama anayeogopa kuuumiza mpira. Nikasema Kobe wakiingia mtoano itakuwa kama kumkaribisha bata kwenye mbio za farasi. Sijui maneno yalitoka wapi. Yalikuwa mengi, na mabaya zaidi ni kwamba yalikuwa kweli.

Hoyt akasema kwa miaka ishirini hajapata kusikia hoja safi namna hii. Nilikata simu, nikalia kidogo ndani ya faneli.

Ijumaa, 5 Desemba

Orville amekuwa mtu mkubwa. Kinyozi anamtaja. Mchungaji Stokes anamtaja. Kituo cha mafuta wamebandika maneno yake kuhusu bata ukutani. Mashabiki wa Kobe wameapa kwamba wakimpata watamtupa mtoni, na niliyepaza sauti kuliko wote kuapa hivyo ni mimi, ilibidi.

Dewitt anampenda kama ndugu. Amemwomba Verlene amwalike Orville harusini, awe mgeni wa heshima. Verlene amekubali. Corliss, binti yetu mdogo, ameshaandika kadi ya kiti chake. Meza ya kwanza! Mimi baba mzazi niko ya pili.

Halafu simu kutoka Texas! Mtu akasema anapiga kutoka ile hoteli, pai zimefika, tamu ajabu, na barua yangu imesomwa yote kwa sauti wakati wa chakula na wote wamekubali kwamba Kobe wanastahili. Nikapiga kelele. Akaendelea kuniambia kwamba yeye ni katibu wa chama cha madaktari wa meno, wana mkutano wao ghorofa ya pili. Kamati iko ya tano.

Hata hivyo. Madaktari wa meno mia mbili hawawezi wote kukosea. Kobe wanastahili! Nimefanya nini jana? Nimewasaliti mbele ya jimbo zima!

Mchana Hoyt mwenyewe akanipigia. Anataka mdahalo kesho asubuhi: Lyman Goforth, yaani mimi, shabiki sugu wa Kobe, dhidi ya Orville wa Eufaula. Moja kwa moja hewani. Nikakubali. Dakika tano baadaye akapiga simu ya karakana kumwomba Orville. Naye akakubali.

Jumamosi, 6 Desemba

Simu ya mkononi sikio la kulia, mimi. Simu ya karakana sikio la kushoto, Orville na faneli. Mlango nimeufunga kwa kufuli.

Nilianza vizuri. Nikasema Kobe wana moyo. Orville akauliza moyo huo ulikuwa wapi siku ya chuo cha ualimu. Nikakosa jibu. Kweli nilikosa jibu! Hoyt akauliza kama bado nipo, na Orville akamweleza kwamba nipo ila nimezidiwa.

Nikasema tumewafunga Korongo kwao, ana kwa ana. Orville akakiri, halafu akasema hata saa iliyosimama huwa sahihi mara mbili kwa siku, na Kobe mara zao mbili wameshazitumia. Watu wa studioni wakacheka, nikawasikia kwa masikio yote mawili. Nikapandwa na hasira, nikamtukania mama yake. Papo hapo nikakumbuka ni mama yangu. Nikaomba radhi. Orville akaipokea kwa unyenyekevu mkubwa, na watu wakazidi kumpenda.

Kura za wasikilizaji: Orville asilimia themanini na nane. Mimi kumi na mbili.

Nimeshindwa na mtu ambaye hayupo. Alasiri timu ya kumi na mbili imefungwa kama ilivyotabiriwa. Nafasi iko wazi. Sina hamu ya kula.

Jumapili, 7 Desemba

Tulikaa wote sebuleni. Kumi: si sisi. Kumi na moja: si sisi. Kumi na mbili: Korongo.

Korongo! Timu tuliyoifunga siku nane zilizopita! Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye miwani, akaeleza kwamba walizingatia hadhi ya vipigo, pia ile mechi ya Septemba. Akaitaja hata bendi ya watu tisa. Bendi! Nani aliyepata kuitaja bendi hiyo hadharani kama si mimi?

Nilitaka kulia, nikamwona Tansy ananitazama, nikajikaza. Nikajiambia sasa angalau mambo yamenyooka. Nitamsindikiza mwanangu na moyo wangu wote.

Dewitt alicheza ngoma yote ya Korongo, ile ya kusimama kwa mguu mmoja, mpaka akaangusha taa. Kisha akasimama ghafla kwa miguu yote miwili. Tarehe 20! Saa tisa na nusu! Akamgeukia Tansy, kofia mkononi. "Mwanangu, mjomba wako nitakufa. Hatuwezi kufunga hiyo ndoa asubuhi?"

Tansy akamtazama Anselm. Anselm akasema kwake yote sawa. Verlene akampigia Mchungaji Stokes, mchungaji akasema asubuhi ni nzuri zaidi, hata yeye anataka kuiona mechi. Saa nne asubuhi! Imekwisha! Dakika mbili, nimezitazama kwenye saa ya ukutani.

Nikatoka nje, nikakaa na bata.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimemsindikiza. Gauni jeupe, mkono wake ndani ya mkono wangu, watu wote wamesimama. Nilikuwa natembea nimeinama.

Hatua ya tatu akaninong'oneza: "Nyoosha mgongo, Orville."

Nusura nianguke kwenye maua. Akanishikilia. Akasema alijua tangu Alhamisi ile, maana kila Orville alipowasema vibaya Kobe alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayezuia kilio, na hakuna mzee wa Eufaula anayeweza kuwalilia Kobe namna hiyo. Akasema hajapata zawadi kubwa kuliko ile maishani mwake. Kisha, tukiwa tumekaribia madhabahu, akaniuliza kwa nini sikumwomba tu abadilishe saa.

Sekunde nne zikapita, na zaidi. Akacheka, akanibusu kwenye kipara mbele ya watu wote, na mimi nikalia bila faneli.

Nguruwe alikuwa mzuri, nakiri. Kiti cha Orville kilibaki kitupu. Dewitt alikiwekea sahani ya nyama muda wote, ikibidi anafukuza nzi. Kila mgeni alipewa mswaki, kwa hisani ya madaktari wa meno wa Texas, shukrani yao kwa pai.

Jumapili, 21 Desemba

Korongo wamepigwa 52 kwa 3. Dewitt anasema ni kipigo cha hadhi ya juu sana.

Baada ya ibada Corliss akatangaza naye anaolewa. Yeye na mchumba wake wanataka 28 Novemba mwakani. Verlene alinitazama kwa jicho la pembeni, maana ni Jumamosi ya Kobe na Korongo, tena safari hii nyumbani kwetu. Nikamwambia aweke tu! Mrusha mpira wetu anaondoka, Kobe mwakani ni maiti, hata sitawasha televisheni. Kalenda ikaja. Nikatia sahihi. Mchungaji Stokes akashuhudia, mdomoni ana mswaki.

Saa tisa alasiri mrusha mpira ametangaza kwamba amebadili mawazo. Anabaki. Na wenzake wote wanabaki. Hoyt anasema Kobe wa mwakani watakuwa wa kutisha!

Tansy amepiga simu kutoka Vermont, kwenye theluji. Amesikia. Amenisihi niende sasa hivi, nimwombe Corliss asogeze tarehe, basi, neno moja tu. Ana moyo mzuri mwanangu, lakini haya mambo hayaelewi. Ameshaanza kuwa mtu wa Vermont.

Nina mpango. Orville ana kaka yake anayekaa Dothan. Sauti yake ni nzito kidogo. Kesho nanunua faneli kubwa zaidi.