Kigari Namba Saba na Kuku wa Susan

Jumatano, 1 Machi 1978
Khawaja Stavro, yule mzungu mwenye malori, ameletewa vigari viwili vya mashindano. Vinaongozwa kwa redio! Bodi nyeupe, tupu. Kimoja kanipa mimi, kingine Gune, kila mtu na stika zake kumi na nne. Jumapili vitashindana mbele ya watu. Atakayepamba vizuri ndiye atakayeandika milango ya malori matatu ya Stavro. Malori matatu ni milango sita! Gune ataiweza? Kule Kampala mimi niliandika mabango, yeye aliosha brashi zangu. Leo eti fundi.

Alhamisi, 2 Machi
Mke wangu Susan katazama picha za maelekezo. Anasema paka bodi maji ya sabuni kwanza, stika iteleze mpaka inyooke, ndipo uyakamue maji. Nikamwuliza nani hubandika kitu kwa kukiloweka. Nimebandika kavu. Zikang'ang'ania palepale zilipogusa. Stika kumi na nne, zilizonyooka, moja. Namba saba imelala kama mlevi.

Ijumaa, 3 Machi
Nimebandua zote. Gundi imekufa kwa vumbi. Lakini mimi si mtu wa kulia. Uji wa muhogo! Kampala nilibandikia matangazo ya kanisa zima, yakadumu mpaka tukafungasha kurudi nyumbani Juba. Nimepaka mzito. Zimeshika! Tena nimemshawishi Stavro mashindano yawe uwanja wa nyuma ya nyumba yangu, majirani wanishangilie. Susan anauliza, na kuku wake sita je? Nimemjibu kuku hawajui kusoma.

Jumapili, 5 Machi
Aibu! Mtaa mzima wa Juba Na Bari ulikuwepo. Kigari changu kiliongoza mizunguko miwili. Kisha kuku mmoja akaonja ile saba. Akaita wenzake! Kigari mbele, kuku sita nyuma, watu chini kwa kicheko. Kilifika mwisho cheupe kama kilivyozaliwa. Jirani yetu Mzee Ezbon akauliza kama siku hizi Ulaya chakula cha kuku huja na magurudumu. Malori kapewa Gune. Jioni akaniletea kipande cha sabuni. Malesh, ya akhi, pole ndugu yangu, akasema, ni maji ya sabuni tu, hakuna siri nyingine. Mwongo! Anaficha.

Jumatatu, 6 Machi
Nimepiga hesabu. Kosa ni muhogo: kuku hula muhogo. Romano wa soko la Konyo Konyo anataka stika kwenye pikipiki yake mpya. Safari hii nimechemsha gundi ya magamba ya samaki. Sabuni ya Gune nimeogea. Susan anacheka, sijui kwa nini. Mlangoni wamekaa paka wanne, kimya, wanaitazama kazi yangu. Hawa angalau wanajua sanaa.