Mtaro wa Kuwavuta Korongo

Jumatano, 4 Agosti 1993

Amani! Redio imesema mkataba umetiwa saini Arusha. Majirani wengine wanashangilia, wengine wanatazama chini. Mimi nimewaza jambo moja tu. Watalii.

Tangu vita vya Oktoba '90 sijashika usukani. Zamani niliwapeleka wazungu kuona gorila Ruhengeri na viboko Akagera, na kampuni ya utalii ilinipa kofia. Kampuni imekufa. Kofia ninayo. Mke wangu Kamikazi anashona nguo za watu na mimi nala jasho lake. Hajawahi kulalamika, na hapo ndipo panaponiuma.

Naandika Kiswahili cha Buyenzi, Bujumbura, nilikozaliwa. Kamikazi hakisomi. Afadhali.

Sasa wazo. Chini ya nyumba yetu hapa Nyarutarama, nje kidogo ya mji mkuu, kuna chemchemi. Chini ya chemchemi kuna kinamasi cha mafunjo. Ndani ya mafunjo kuna korongo wenye taji, wale wanaoitwa hapa imisambi. Wazungu wa balozi kule Kacyiru wamekatazwa kwenda mbugani, barabara hazijatulia. Jumapili wanashinda uani wakitazamana. Basi mbuga itawafuata. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji nimepatikana!

Ijumaa, 6 Agosti

Nimepanda Kacyiru kwa miguu, kofia kichwani. Nimemwona Monsieur Valens wa wizara ya utalii, niliyekuwa nampeleka Ruhengeri na wageni wake. Amezeeka. Nimemweleza habari za korongo. Amesema jambo zuri. Nimemwahidi wageni watapokelewa kwa heshima zote za Kinyarwanda: kuketishwa, kusalimiwa, kuletewa maji ya chemchemi ndani ya kibuyu. Akaniuliza kama maji hayo ni safi. Nikamwambia korongo hakai penye maji machafu, korongo mwenyewe ndiye cheti. Akacheka. Ataleta wageni wawili Jumapili ya tarehe 22. Akiridhika, ataandika jina langu kwenye orodha ya waongozaji wa wizara.

Kurudi nimezunguka hadi Sonatubes, penye kiwanda cha mabomba, kumringia Eustache. Tuliendesha pamoja zamani. Siku hizi anauza vipande vya mabomba kando ya barabara. Akasema hata yeye ana mpango wa kupeleka wageni ziwa Muhazi. Mwongo. Nimeondoka na bomba lake moja lenye kutu kwa mkopo. Hajui la nini. Hata mimi sikujua.

Jumanne, 10 Agosti

Tatizo. Nimeweka benchi kando ya ua wangu nikaketi kama mtalii. Korongo wako mbali mno! Vidoa vya kijivu ndani ya mafunjo. Mzungu hawezi kuacha kahawa yake kwa ajili ya kidoa.

Nimepata dawa. Korongo hufuata maji. Maji yako kwenye chemchemi. Nikichimba mtaro kutoka chemchemi hadi mbele ya benchi langu, litatokea dimbwi, na korongo watakuja wenyewe miguuni pa mgeni.

Nimemweleza Mama Épiphanie. Huyu ni jirani yetu, mjane, anamlea mjukuu wake Kayitesi, mtoto anayeanza kutembea. Yeye na wanawake wenzake ndio wanaoitunza chemchemi. Wanafagia, wanapanda ua wa miyenzi kuzunguka ili ng'ombe wasiingie. Mlima mzima, ndio kijiji chetu, unateka pale. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, huu ni mwezi wa nane, mvua haijarudi, maji yakienda kwa ndege sisi tutateka nini? Nikamwambia wageni wataleta maendeleo. Akasema maendeleo hayajazi mtungi.

Huyu mama ana ulimi. Kamikazi alipokuwa mgonjwa alituletea uji kila siku, kwa hiyo sikumjibu nilichotaka.

Jumamosi, 14 Agosti

Nimeshinda. Nilipiga filimbi alfajiri nikatangaza umuganda, kazi ya mlima mzima. Nilisema amri imetoka juu. Juu wapi sikusema. Siku hizi kwenye kazi za pamoja watu huja wakitaka, vyama vya siasa vimewatia kiburi, lakini wametokea wazee na vijana kadhaa na majembe. Gatera mwenye ng'ombe alikuja pia. Mtaro umechimbika kabla jua halijakaza. Bomba la Eustache limekaa mdomoni pa chemchemi kama limezaliwa pale!

Mama Épiphanie alisimama mbali amembeba mtoto mgongoni. Hakushika jembe.

Kamikazi ameniuliza usiku ni nani hasa aliyetoa amri. Nikajifanya nimelala.

Jumatano, 18 Agosti

Ni uzuri! Dimbwi limejaa. Leo asubuhi korongo wametua, wazima, wenye taji za dhahabu, wakanywa karibu na benchi. Mmoja akacheza ile ngoma yao ya kunyanyua mbawa. Nililia kidogo. Niliikumbuka Akagera, nikakumbuka nilivyokuwa mtu.

Madogo ya kurekebisha. Kwenye chemchemi yanatoka matone tu, kwa hiyo wanawake wanateka dimbwini. Sawa, maji ni yaleyale. Ng'ombe wa Gatera wameligundua dimbwi, wanaingia mpaka tumboni, na wakishiba wanaacha walichoacha. Nimemwomba Gatera awazuie. Akanijibu kwamba alichimba mtaro kwa amri, na amri haikutaja ng'ombe. Kamikazi anasema maji yananuka, na kuni za kuchemshia hatuna. Nimemwambia ayaache yatulie kwenye mtungi.

Mimi sijayagusa. Nakunywa pombe ya ndizi kwa jirani.

Ijumaa, 20 Agosti

Korongo hawakuja. Nimeshuka kinamasini kuwatafuta. Mafunjo yamekuwa ya manjano, matope yamepasuka, vyura kimya. Kumbe kinamasi kilikuwa kinakunywa chemchemi ileile. Hakuna kinamasi, hakuna vyura. Hakuna vyura, korongo ale nini? Kwenye dimbwi langu kuna ng'ombe na nzi.

Ndege hawana shukrani. Nimewachimbia maji mlangoni wakaenda zao.

Jumapili, 22 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Monsieur Valens alifika na wageni wawili, bwana na bibi, wote na darubini shingoni. Waliketi kwenye benchi. Walimtazama ng'ombe. Nikasema korongo ni ndege wa aibu, wanajipanga. Bibi akaandika kitu kwenye daftari lake kisha akakifuta.

Nikaona niwahi heshima. Nilikuwa nimemwomba Kamikazi alete kibuyu. Akaja Mama Épiphanie badala yake, amevaa mshanana, vazi la sherehe, kibuyu mikononi. Moyo ukatulia. Nikajua amenisamehe. Nikawaeleza wageni kwa Kifaransa changu chote kwamba haya ndiyo maji ya chemchemi yetu.

Akapiga goti kidogo, akanyoosha kibuyu. Kwangu.

Nikamwonyesha wageni kwa macho. Akasema kwa upole, wote wakisikia, kwamba kwetu mwenye kukaribisha huonja kwanza, ili mgeni ajue hakuna sumu. Na aliyekaribisha leo si yeye. Ni mimi, Libère.

Monsieur Valens akatikisa kichwa kukubali. Akawaeleza wageni desturi. Wageni wakafurahi, hatimaye wameona kitu. Bibi akanyanyua kamera.

Nilijua kilichomo. Nilimwona ng'ombe wa Gatera dimbwini asubuhi ileile. Lakini hapa kwetu kukataa kuonja ni kusema mwenyewe kwamba umetega sumu. Nikanywa. Nikanywa mafunda makubwa ili nimalize upesi. Yalikuwa na ladha ya zizi.

Nikamnyooshea Monsieur Valens kibuyu. Mama Épiphanie akakichukua kabla hakijafika, akamwaga maji yote chini. Akasema wageni hawajakosa chochote. Akasema mjukuu wake anahara damu tangu jana, na hayo ndiyo maji aliyokunywa, na mlima mzima unayanywa. Alisema bila kupandisha sauti. Monsieur Valens akavua miwani, akanitazama mimi, akatazama mtaro, akalifuata kwa macho lile bomba mpaka juu.

Waliondoka bila kuaga vizuri.

Nimepakwa matope mbele ya wizara! Angeweza kuniita pembeni. Kamikazi anasema aliniita pembeni tarehe 10.

Jumanne, 24 Agosti

Tumbo. Mungu wangu, tumbo.

Siwezi kusimama. Kamikazi alikwenda kuita watu. Walikuja na ingobyi, ile machela ya kufuma wanayobebea wagonjwa. Waliobeba ni walewale wa mtaro. Gatera alishika mbele. Hakuna aliyenisema. Ningependa waniseme. Tulipita kando ya dimbwi langu na wakabadilishana mabega pale pale, taratibu, nikapata muda wa kuliona lote.

Nyuma alikuja Mama Épiphanie na Kayitesi mgongoni. Mtoto hakuwa analia tena.

Alhamisi, 26 Agosti

Kituo cha afya. Naandika kwa kalamu ya muuguzi. Nimewekewa dripu. Kayitesi yuko kitanda cha pili, naye ana dripu, mkono wake wameufungia kipande cha kadibodi asiukunje. Macho yameingia ndani. Ngozi ya tumbo muuguzi akiibana inabaki imesimama. Sijui maana yake lakini nilimwona muuguzi alivyobadilika uso.

Naogopa. Nasema kweli, naogopa kuliko nilivyoogopa vita. Kila akinyamaza nainua kichwa kuangalia kifua chake. Mama Épiphanie anamlowesha midomo kwa kitambaa. Jioni aliniletea chai mimi pia. Nikamwambia nisamehe. Akasema kwanza mtoto apone, ndipo atajua kama ana msamaha.

Nimeapa. Mtoto huyu akipona, sitayagusa maji ya watu tena. Mungu na kalamu ya muuguzi ni mashahidi.

Jumamosi, 28 Agosti

Kayitesi ameomba uji. Alikojoa pia, na Mama Épiphanie alitangaza wodi nzima kana kwamba ameolewa na mfalme. Akakaa chini akalia. Nikalia na mimi. Muuguzi akatufokea kwamba tunapoteza maji aliyotutia.

Jumamosi, 4 Septemba

Nyumbani. Nimekonda, kofia inanizidi. Mtaro haupo. Watu walifanya umuganda, safari hii bila filimbi wala amri, wakaufukia wakarudisha mawe ya chemchemi. Dimbwi ni tope lililokauka lenye alama za kwato. Nilikwenda kusaidia kupanda miyenzi upya. Wakanipa jembe. Hawakunipa la kusema.

Eustache alikuja kudai bomba lake. Akanicheka mpaka akaketi chini. Muhazi hajapeleka hata mtu mmoja.

Jumapili, 19 Septemba

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki hii. Mafunjo yanachipua kijani. Vyura wanapiga kelele usiku hata Kamikazi anawalalamikia. Na leo asubuhi korongo wamerudi! Wengi kuliko mwanzo, na wawili wana kifaranga. Mbali, ndani ya mafunjo, pale pao.

Mchana ikaja gari ya Monsieur Valens, na nyuma yake nyingine mbili. Sikuwa nimemwita. Alikuja kwa Mama Épiphanie. Wanawake wamefyeka kijia kutoka chemchemi hadi ukingo wa kinamasi, na wageni wanatembea kimya, mmoja nyuma ya mwenzake, wanatazama kwa darubini. Kumbe mzungu anapenda kidoa, mradi akitafute mwenyewe. Wanachotoa wageni kinakwenda kujengea chemchemi saruji. Monsieur Valens aliwaeleza kwamba ndege hawa wapo kwa sababu maji haya yanatunzwa, na maji haya yatazidi kutunzwa kwa sababu ya ndege hawa. Nilikuwa nimesimama karibu. Nilitikisa kichwa sana ili anione nimeelewa.

Kibuyu kilitolewa. Mama Épiphanie alionja kwanza. Kisha wageni wakanywa. Kisha akamnywesha Kayitesi, ambaye sasa anakimbia, bado na miguu myembamba kama vijiti. Halafu akanipa mimi. Maji yalikuwa baridi na hayakuwa na ladha yoyote. Akaniambia amenisamehe. Nikamrudishia kibuyu kwa mikono miwili. Sijawahi kupewa kitu kikubwa hivyo.

Nikawasindikiza wageni hadi kwenye magari. Hapo ndipo nilipoona. Magari yale ni machafu! Matope ya njia ya Nyarutarama mpaka kwenye vioo, mafuta yanadondoka chini. Wageni wanakaa bondeni saa nzima na magari yanawangoja bure.

Nitayaosha. Mimi ni dereva, gari nalijua kuliko mamaye. Sabuni Kamikazi anayo. Mahali nimeshapapima: lile jukwaa la nyasi juu kidogo ya chemchemi, ni tambarare, na maji yako karibu, sitabeba ndoo mbali. Mtaro sichimbi, niliapa na kiapo changu nakiheshimu. Wala hauhitajiki. Mteremko ni mzuri sana pale. Povu, mafuta, matope, vyote vitashuka vyenyewe.