Ukumbi wa Opicho

Alhamisi, 7 Agosti

Mkutano wa wapima mapango wa kujitolea, nyumbani kwa Teresiah, Mowlem. Teresiah ndiye kiongozi wetu, na chai yake ni ya rangi tu. Habari kubwa: nyuma ya shimo moja jembamba kule mapangoni, tochi imemulika ukumbi ambao hakuna aliyewahi kuupima. Desturi yetu inajulikana. Anayetangulia kuingia ndiye anayeupa jina, mradi vipimo viingie kwenye ramani. Bila ramani, hakuna jina.

Utepe wa kupimia, ambao mshikaji wake ndiye hutangulia, amepewa Ng'ang'a, fundi wa friji. Mimi nimepewa dira. Eti nina macho mazuri. Upendeleo mtupu. Shida ni kwamba nilishamwambia baba mkwe, kule Mbotela, kwamba kuna Ukumbi wa Opicho, naye ameshatangaza kanisani. Tangu nimwoe binti yake, ndiyo mara ya kwanza kunisalimia kwa mikono miwili. Sasa nirudi nyuma vipi?

Ijumaa, 8 Agosti

Mpango umekamilika. Wenzangu wakila mchana, nitajipenyeza shimoni, kichwa mbele. Ila mawe huanguka, na kofia za plastiki za chama siziamini hata kidogo. Nimekwenda Kariobangi, fundi wa masufuria amenitengenezea kofia ya chuma kizito. Nimeipaka manjano kama zao, Teresiah asije akaanza maneno. Mke wangu Nasike ameuliza kama naenda pangoni au vitani. Nyumbani huwa sieleweki.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku mbaya. Asubuhi nilisoma dira vizuri sana, nimeishika karibu na jicho, kitaalamu. Teresiah alikuwa ameuliza kama kuna mwenye chuma mwilini, maana chuma huvuta sindano ya dira. Nilimwonyesha mkono usio na saa na suruali isiyo na mshipi. Akaridhika.

Mchana wakafungua chapati zao, nami nikaingia shimoni. Mwili haukuwa na tatizo. Kofia ndiyo iliyogoma. Si mbele, si nyuma. Nikabaki miguu ikiwa nje, pua ikiwa kwenye kinyesi cha popo, nikiita kwa sauti ya heshima. Walimaliza chapati kwanza, kisha wakanivuta. Ng'ang'a akaniambia, "Pole buda, si ungengoja tu tukule?" Halafu akapita na utepe wake kama mjusi. Mtu akikosa tumbo anajiona ana kipaji.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya kanisa, Mowlem tena. Teresiah ameingiza vipimo kwenye kompyuta. Pango limejizungusha kama nyoka aliyelala, na ule ukumbi umetokea nje ya mlima, hewani. Nilieleza kwamba utepe wa Ng'ang'a umelegea.

Teresiah hakubishana. Kofia nilikuwa nayo, nilitaka waone ilivyobonyea. Akaweka dira mezani, akaisogeza kofia karibu nayo. Sindano ikageuka kuifuata. Akakwaruza rangi kwa ukucha, kikaonekana chuma. "Opicho, umetuharibia siku nzima," akasema, na hata hakupaza sauti. Watarudia kila kipimo. Bila mimi.

Nimeumia, sifichi. Lakini nikakumbuka desturi: bila ramani, Ng'ang'a pia hana jina. Leo nitalala vizuri.

Jumapili, 17 Agosti

Walirudia jana. Ramani mpya imetumwa kwa simu. Ng'ang'a ameupa ukumbi jina la mamake. Hana ubunifu hata kidogo. Nilikuwa karibu kuizima simu, ndipo nikaona pale kwenye shimo, kwa herufi ndogo: Opicho Alikwama.

Jina langu liko kwenye ramani! Nimekwenda Mbotela papo hapo kumwonyesha baba mkwe. Akauliza hilo neno la pili linahusu nini. Nimemfafanulia kwamba wenzangu walipita tu, mimi peke yangu ndiye niliyebaki. Amenishika tena kwa mikono miwili, na atatangaza Jumapili ijayo. Nasike amecheka mpaka akashikilia ukuta. Wivu huo.

Teresiah anasema kumeonekana shimo jingine, jembamba zaidi. Nimeshamwandikia kwamba safari hii natangulia mimi.